Sufuria Zisizokuwemo Kwenye Filamu

Haya, nacheka mwenyewe kabla hamjanicheka, maana nyinyi mkianza hamna breki. Kuna watu waliopata aibu kwa kuteleza sokoni, kuna waliopasukiwa na suruali msibani, lakini mimi aibu yangu iliandikwa ukutani kwa herufi kubwa, ikasomwa Unguja, Mombasa, Maskati na London kwa wakati mmoja, na mwandishi wake alikuwa mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi viwili (mpaka leo napiga chapa kwa vidole viwili tu, lakini kwa kasi, na hiyo kasi ndiyo iliyoniponza).

Wakati huo nilikuwa karani kwenye jumba moja la makumbusho Mji Mkongwe, jumba lenyewe tuliache, halina kosa. Intaneti ilikuwa bado ngeni, inapita kwenye waya wa simu, na ukishaiunganisha basi hakuna mtu mwingine ofisini anayeweza kupiga simu, kwa hiyo watu walikuwa wakiichukia na kuistahi kwa pamoja. Mimi niliipenda. Nikazua jambo langu: majadiliano ya mtandaoni juu ya filamu za harakati, yaani filamu za watu waliosimama kudai haki zao popote duniani. Mikanda inapelekwa kila mji, kila mtu anaangalia kwa nafasi yake, kisha Jumamosi saa kumi, kwa Jumamosi sita, tunakutana kwenye chumba cha maandishi cha tovuti yetu, huyu anaandika neno, yule anamjibu. Na kwa watu wa Unguja wasiokuwa na kompyuta, tutafungua ukumbi, tutundike shuka jeupe, projekta iwaonyeshe kila kinachoandikwa, nao wakiwa na neno waniambie mimi nilichape.

Mkubwa wetu, Bwana Khamis, alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa siasa kuliko mtoto anavyoogopa sindano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nassor, neno lenyewe harakati linanipandisha presha," akasema. "Ntakupa Jumamosi moja. Ikenda vizuri tutaendelea nazo zote sita. Ikiharibika, kompyuta inarudi chumba cha barua, na weye unarudi dirishani kukata tiketi."

Sasa nyinyi hamjui dirisha lile. Nilikaa miaka minne pale, jua la mchana linakupiga shavu moja tu, mpaka nikawa na rangi mbili. Kuondoka pale na kuwa mwendeshaji wa majadiliano ya nchi nne ilikuwa kwangu ni daraja, na niliitaka hasa, siwafichi. Nilishanunua na shati.

Filamu ya kwanza ilitoka Bara Hindi. Ilihusu wanawake wafuaji nguo ambao tangu enzi za bibi zao wakifulia kwenye mawe ya mto mmoja, wakaja kuambiwa waondoke kwa kuwa mahali pale panataka kujengwa. Maneno Kihindi, maandishi ya Kiingereza chini. Wenzetu wa nje walishapata mikanda yao mapema, wetu ulichelewa posta, ukafika Alkhamisi jioni, siku mbili kabla ya majadiliano, kwa hiyo tukakubaliana kwamba nitaiangalia mimi kwa niaba ya ukumbi mzima, halafu Jumamosi kabla hatujaanza nitawasimulia watu kwa ufupi. Ijumaa baada ya sala nikaweka mkanda kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda Bububu kwa shangazi yangu.

Huyu Shangazi Zuhura ndiye aliyenilea. Zamani tulikuwa tukikaa naye mjini, baadaye akahamia Bububu kwenye nyumba ya urithi, na jamaa zetu wa Maskati wakamletea televisheni na deki nzuri, ambayo mimi sikuwa nayo. Na filamu ni kitu chake. Ujana wake, siku ya wanawake sinema, yeye hakosi. Lakini si kila mwanamke alikuwa akiruhusiwa kwenda, kuna waliokuwa na wachanga, kuna waliokuwa na waume wagumu, basi walioachwa walikuwa wakija nyumbani siku ya pili, wanakaa uani na kazi zao za mkono, na Shangazi anawahadithia filamu toka mwanzo mpaka mwisho, na nyimbo anaimba. Filamu ya saa tatu kwake ilikuwa saa tano.

Ila alikuwa na desturi moja (na hapa ndipo mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nilipotakiwa kuzinduka): mwisho wa filamu ulikuwa ukitegemea nani kakaa uani. Akiwepo mja mzito, hakuna mtoto anayekufa. Akiwepo mjane, yule bwana aliyezama baharini anatokea salama na nguo hazijaroa. Nilipokuwa mkubwa nikaziona baadhi ya filamu zile kwa macho yangu, nikashangaa watu niliowajua kuwa wazima wanazikwa. Na moja sijaiona mpaka leo, ambayo ndiyo niliyoipenda kupita zote: bibi harusi, siku ya tatu ya ndoa yake, anafungua mlango mwenyewe mchana kweupe, anatoka na viatu mkononi, anapita mbele ya wazee wote barazani bila ya kumwamkia hata mmoja, na harudi tena. Nimewauliza wauza mikanda wote wa mjini, hakuna anayeijua.

Basi nikafika Bububu, nikaamkia.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kwanza ule."

Wali, pweza wa nazi, na juisi ya ukwaju. Nikala mpaka nikaona haya. Tukaweka mkanda, wanawake wakawa wanafua, wanafua, wanapiga nguo kwenye jiwe, pa, pa, pa, mtu anahojiwa, wanafua tena, na ile pa, pa na yule pweza vikakubaliana. Nilipofumbua macho skrini ilikuwa buluu tupu na Shangazi anafuta machozi kwa upande wa kanga.

"Imekwisha?" nikauliza.

"Zamani. Ulikuwa ukikoroma, nikakuhurumia."

Nikainuka kuurudisha mkanda nyuma, na umeme ukakatika. Sasa sikilizeni, maana uamuzi wenyewe ni huu, mdogo kama punje. Ningeweza kungoja, umeme ule ulirudi baada ya saa moja na nusu. Ningeweza kulala palepale Bububu. Lakini jioni ile nilikuwa na miadi na wenzangu Forodhani, na mishikaki ya Forodhani haingoji mtu, nikajiambia kwani kuna nini, wanafua, wanaambiwa waondoke, si ndiyo hiyo.

"Shangazi, nihadithie mwisho wake basi."

Akaniuliza, "Hiyo kesho unakwenda kuwahadithia watu?"

"Naam. Wengi, na wengine wa nje."

"Basi kaa vizuri," akasema.

Akanihadithia. Kwamba wale wanawake walipoona maneno hayasaidii, waliacha kusema kabisa. Asubuhi moja kila mmoja akachukua sufuria yake ya kupikia, wakavaa nguo sare kama za harusini, wakenda mlangoni kwa yule bwana mkubwa aliyetoa amri, wakazipindua sufuria zao na kuzikalia. Kimya. Na sufuria ikishakaliwa haipiki, kwa hiyo mtaa mzima moshi haukutoka jikoni, waume wanarudi kutoka kazini hamna chakula, wanakwenda kumshitakia bwana mkubwa naye hana la kuwajibu. Siku ya pili mkewe bwana mkubwa mwenyewe akatoka ndani na sufuria yake, kubwa kuliko zote, akaipindua akakaa nao. Jirani mmoja akawa anawaletea sinia ya kahawa na kashata. Siku ya tatu bwana mkubwa akasalimu amri.

Nywele zilinisimama. Nilishituka kidogo kwenye kahawa na kashata, siwaongopei, kitu kiliniambia mbona kama naijua hii sinia, lakini nikajijibu kwamba Wahindi nao wana vitamu vyao vya sukari na karanga, na Shangazi bila ya shaka anatumia jina analolijua. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

Jumamosi ukumbi ukajaa. Tulifunga madirisha ili shuka lionekane vizuri, feni inazungusha joto lilelile, Bwana Khamis kakaa mbele kabisa na kalamu yake, na safu ya pili Shangazi Zuhura na buibui lake jipya, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwalika aje anione (mbuzi kajipeleka buchani). Nikawasimulia watu filamu, na nilipofika kwenye sufuria ukumbi ukashusha pumzi. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa Darajani, Bwana Jivan, akapiga goti lake akasema hao ndio wanawake. Nikakaa kwenye kompyuta nikachapa swali langu la kufungulia, nililolitunga kwa saa nzima: "Je, kimya cha wanawake juu ya sufuria kina nguvu kuliko maandamano?"

Maneno yalikuwa yakisafiri polepole siku zile, unaandika, unangoja, projekta inaunguruma. Likaja jibu la Mombasa: "Tukio la sufuria limenigusa sana, nililia." Likaja la Maskati: "Kwangu mimi lile ndilo kiini cha filamu nzima." Halafu msomi mmoja wa Dar es Salaam akaleta aya ndefu, kwamba sufuria iliyopinduliwa ni ishara ya tumbo tupu la mnyonge, na kwamba mpiga picha ameionyesha kwa ustadi kutoka chini kwenda juu. Nikamgeukia Bwana Khamis, naye akaniitikia kwa kichwa, kile kichwa cha kusema umefaulu kijana. Mnaelewa nilivyojisikia? Rangi mbili zile za shavu zilinitoka.

Ndipo ukaja mstari kutoka London. Mwenyewe alikuwa Bi Rukhsana, mtoto wa Unguja, wazee wake walikuwa na duka la dawa mjini kabla hawajahama, na alikuwa kimya toka tuanze. Aliandika hivi:

"Samahanini. Mie ndiye niliyeikata na kuiunganisha filamu hii. Sufuria zipi?"

Ukumbi mzima unasoma. Wasioona vizuri wanasomewa na jirani zao, kwa hiyo niliisikia mara tatu, sufuria zipi, sufuria zipi, sufuria zipi. Na mimi badala ya kunyamaza, vidole vyangu vikatangulia: "Labda mkanda uliokuja huku ni toleo jingine."

Tukangoja. Feni inazunguka.

"Hakuna toleo jingine," likaja jibu. "Nimekaa nayo chumbani kwangu miezi minane. Wanawake wanaondoka mmoja mmoja, mwisho yanabaki mawe matupu na maji yanapita. Hakuna anayekalia kitu."

Papo hapo msomi wa Dar es Salaam akaandika kwamba hata yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka na sufuria zile. Mombasa akatoka chumbani kabisa, tukaliona jina lake linafutika. Mtu nyuma akacheka, mwingine akamfuata, na Bwana Khamis akainuka, akanisimamia kichwani, mbele ya watu sitini.

"Nassor. Filamu hii umeiona?"

Nilitaka kusema ndio. Wallahi ulimi ulishakwenda kwenye ndio, lakini Shangazi ananitazama.

"Nimehadithiwa," nikasema.

"Na nani?"

Hapo ndipo aibu yangu ya kweli ilipo, si kule kuchekwa. Sikumtaja, lakini niligeuka nikamtazama, na watu sitini wakayafuata macho yangu mpaka kwa mwanamke yule aliyenilea, ambaye alikuja na buibui jipya kunionea fahari. Nilimtoa kafara mimi, ili nipate pumzi. Yeye akarekebisha mtandio wake tu, na nikatamani anitukane.

Mstari mwingine ukaja ukutani. Bi Rukhsana tena: "Msizime kompyuta tafadhali. Huyo aliyehadithia yupo hapo? Muulizeni, kama si kwenye filamu yangu, wanawake hao walikaa wapi?"

Hakuna aliyecheka sasa. Nadhani sote lilitujia kwa pamoja, kwamba kweli, zile sufuria zimetoka mahali. Shangazi akausoma ule mstari mwenyewe, taratibu, midomo inacheza, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuagiza chumvi:

"Mwandikie walikaa hapahapa mjini. Mimi wa tatu kutoka mlangoni."

Nikachapa. Nilichapa kwa muda wa saa nzima na zaidi, kwa maana maswali yalimiminika, ya ukumbini na ya nje, na kila jibu alilolitoa nililiandika, nisiongeze wala nisipunguze. Kwamba ilikuwa mwaka wa themanini na kitu, tulipokuwa tukikaa mjini. Mfereji wa mtaa, bomba letu la maji, ulitiwa kufuli, na ufunguo akawa nao mtu mmoja, akifungua anapotaka, kwa anaowataka. Walikwenda kumwomba, wakaambiwa wanawake wana maneno mengi. "Basi tukasema maneno hatuleti tena." Sare yao ilikuwa kanga waliyobaki nayo baada ya harusi ya jirani. Bi Rukhsana akauliza watoto walikula nini. Shangazi akanioneshea kidole.

"Muulizeni huyu. Siku tatu alikula mkate wa boflo na chai, nikimwambia makaa yameroa."

Na mimi nikakumbuka. Nilikuwa nasoma, nimekasirika, boflo asubuhi, boflo mchana, nikamwambia Shangazi wewe mvivu. Kweli nilimwambia hivyo, na alinyamaza. Mikono yangu ilisita juu ya herufi, projekta ikaonyesha sentensi iliyokatika katikati, na watu wakaisubiri.

Bwana Khamis jasho lilikuwa likimtoka. Akauliza lile swali ambalo kila mtu alikuwa akiliogopa, na nadhani aliuliza kwa udadisi tu, akasahau kuogopa: "Na huyo bwana wa ufunguo, alikuwa nani?"

"Keshakufa, Mungu amrehemu," Shangazi akasema. "Watoto wake watu wema, kwenye maulidi nnakaa nao safu moja. Jina lake kalikumbukeni wenyewe wenye kulijua, mie sikuja kwa ajili yake."

Bwana Jivan akatikisa kichwa polepole, na kwa jinsi alivyotazama chini, mimi nadhani alilijua. Bwana Khamis akaiweka kalamu mfukoni. Adhana ya magharibi ndiyo iliyotutoa ukumbini, na hata hapo watu walisimama mlangoni wakiulizana nani mwingine alikuwepo, na bibi yake fulani naye si alikuwa na sufuria kubwa?

Majadiliano yaliendelea, yote sita. Mimi sikuendelea nayo. Jumatatu Bwana Khamis aliniita, akaniambia kwa upole kwamba uendeshaji atapewa dada mmoja wa maktaba, na filamu ya pili ataiangalia mwenyewe yeye mkubwa, kwenye kiti kigumu, tumbo tupu. Kisha akaniuliza kama Shangazi anaweza kuja tena. Nikarudi dirishani, shavu langu na jua lake.

Ijumaa nikenda Bububu kuomba radhi. Nilishatayarisha maneno, hakuyangoja, aliniwekea chai. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kunihadithia habari ile hata siku moja, miaka yote.

"Nani aliniuliza?" akasema. "Watu wakija uani walikuwa wakitaka filamu. Nkawapa filamu."

Nikaanza kuzihesabu kichwani zile filamu zote za utotoni, na waliofufuka, na waliorudi, nikawa sijui tena ipi ilitoka sinema na ipi ilitoka mle nyumbani mwetu. Shangazi aliwahi kuolewa mara moja, mnajua, ujanani, muda mfupi sana, na kwetu habari za ndoa ile hazikuwa zikizungumzwa.

"Shangazi," nikasema, "na yule bibi harusi aliyetoka na viatu mkononi?"

Akaitazama bakuli yangu ya chai.

"Kunywa chai, inapoa," akasema.

Basi toka siku ile nimekula yamini, sisemi neno juu ya filamu nisiyoiona mwenyewe, kuanzia majina ya mwanzo mpaka skrini iwe buluu, na siiangalii nimeshiba. Wauza mikanda nao sikuwasumbua tena. Mtu akiniuliza ile ya bibi harusi inaitwaje, maana nawahadithia wanangu na wao wanaipenda, namwambia jina lake sikulijua. Mchezaji wake ndiye ninayemjua, na kila Ijumaa namwamkia.